Kuandaa Mahafali ya Chuo Kidogo Mombasa: Mwongozo Kamili kwa Kamati

Kwenye mahafali ya vyuo vikuu vyetu vikubwa, mkuu wa kitivo husimama na kutaja shahada, mamia ya vijana wakainuka kwa mkupuo, Chansela akawatunuku kwa sentensi moja, wakaketi. Kuitwa kwa jina ni bahati ya wale wa uzamivu. Mama aliyevuka feri alfajiri kutoka Likoni hurudi nyumbani bila kusikia jina la mwanawe hata mara moja.

Chuo kidogo hakina sababu ya kuiga hayo. Ukiwa na wahitimu 180 wa lugha, historia, muziki na uandishi, unaweza kumwita kila mmoja, akapanda jukwaani, akapewa mkono. Mwongozo huu umejengwa juu ya sekunde hizo chache. Tarehe, hema, maji, hotuba, kila kitu kipimwe kwa swali moja: je, kinasaidia jina lisikike vizuri na mwenye jina apite akiwa na furaha? Hesabu nitakazotoa ni za wahitimu 180 na wageni wanne kwa kila mmoja. Chuo chako kikiwa na zaidi au pungufu, zidisha au punguza.

Miezi sita kabla: nani anatunuku?

Hili lishughulikieni kabla hata ya kuulizia bei ya viti. Nchini Kenya shahada hutolewa na chuo kikuu chenye hati ya kuanzishwa, kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Chuo kidogo kilichoshikana na chuo kikuu mama hakiwezi kutunuku shahada kwa jina lake chenyewe. Kwa hiyo mwandikieni Msajili wa chuo mama mapema, muulize mambo matatu: Seneti inaidhinisha orodha ya wahitimu lini, nani atakuja kutamka maneno ya kutunuku, na vyeti vitakuwa vimetiwa sahihi kufikia siku gani. Kwa stashahada na vyeti vya mitihani ya taifa, chombo kinachotahini ndicho chenye matokeo na vyeti, nanyi hapo mnasherehekea tu waliofaulu.

Orodha ya mwisho isitoke kwa mtu wa kompyuta peke yake. Ibandikwe ubaoni na itumwe kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu, kila mtu akague tahajia ya jina lake dhidi ya kitambulisho. Wape wiki mbili. Jina lililokosewa kwenye cheti huchukua miezi kurekebishwa, na mwenye kuhangaika ni mtoto wa watu aliyekwisha kuitwa kazini.

Sambamba na hilo anzeni usafishaji wa madeni: maktaba, karo, maabara ya lugha, bweni. Panga siku mbili ambazo maofisa wote wa kutia sahihi watakuwa ukumbi mmoja, meza kwa meza. Kumzungusha mwanafunzi ofisi sita kwa wiki nzima ni kumtesa bure.

Kuchagua tarehe

Hapa Mombasa kalenda ina milango michache iliyo wazi. Masika humwaga mvua kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka Mei, na Mei ndiyo mbaya zaidi. Januari mpaka Machi ni joto la kaskazi, nyuzi 32 hadi 33 mchana, na unyevu unaomfanya mtu aliyevaa joho aloe kabla hajaketi. Vuli huja na mvua zake Oktoba na Novemba. Desemba mji umejaa wageni, bei za vyumba zimepanda na foleni ya feri haina mwisho. Kilichobaki, na ndicho kizuri, ni Julai mpaka Septemba: kusi linavuma, mchana ni kama nyuzi 27 au 28, na Agosti shule zimefungwa, hivyo kumbi na viwanja vya shule vinapatikana kwa bei ya kuongea.

Kisha tazameni kalenda ya Kiislamu. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo tarehe iliyokuwa salama miaka mitano iliyopita huenda si salama tena. Ijumaa sikushauri. Wengi hujiambia kwamba watamaliza kabla ya swala, wakaanza kwa kuchelewa saa nzima, na ikifika saa sita u nusu, nusu ya viti viko tupu. Jumamosi ni rahisi kwa wazazi walioajiriwa, lakini Wasabato mtawafungia nje. Mimi huchagua Alhamisi asubuhi. Barua ya mwaliko ikitoka mapema, mzazi huomba ruhusa kazini bila taabu.

Mahali, jua na upepo

Uwanja wa chuo wenyewe, kama una miembe au miarobaini mikubwa, unashinda ukumbi wowote wa kukodi. Kina mama wanataka kuona mahali mtoto aliposomea. Mkikosa nafasi, ukumbi wa Tononoka uko katikati ya kisiwa na matatu za kila upande hufika karibu. Bustani ya Mama Ngina, tangu ilipotengenezwa upya mwaka 2019, ina ngazi za kuketi zinazotazama bahari na picha zake ni tamu, ila kivuli ni haba na upepo huingia kwenye kipaza sauti. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 na kuingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, inavutia sana machoni, na lazima muombe idhini kwa Makumbusho ya Taifa. Kabla ya kuamua, mpeleke pale bibi mmoja mwenye magoti mabovu, umtazame anavyopanda. Mimi ningepiga picha za kundi kule siku nyingine, sherehe nikaifanyia kwenye ardhi tambarare.

Kwenye uwanja wa wazi, liweke jukwaa upande wa kusini, likitazama kaskazini. Kuna sababu mbili. Jua la asubuhi litawajia wageni ubavuni, wala halitawapiga machoni. Upande wa mashariki wa mahema utundike kitambaa kizito, kazi imekwisha. La pili ni upepo: Julai na Agosti kusi hutoka nyuma ya jukwaa, hivyo sauti inabebwa kuelekea kwa watu, na turubai ya nyuma inakinga kipaza sauti. Mahema ya watu mia mia yatakuwa kumi, maana wahitimu 180, wageni 720 na walimu na waalikwa kama 60 ni watu 960. Na kumbuka majirani. Mtu wa Pwani akialikwa kwenye furaha haji peke yake.

Jenereta iwepo, iwe imewashwa na kujaribiwa siku iliyotangulia, na iwe mbali na jukwaa. Mwulize mwenye vyombo vya sauti kama ana vipaza sauti viwili vya akiba na betri mpya. Akianza kusema "hilo halina shida" bila kukuonyesha, tafuta mwingine. Kituo cha polisi kilicho karibu kipewe barua, na kuhusu kelele someni kanuni za mazingira za 2009, maana spika zikielekezwa kwenye nyumba za watu au hospitali mtafuatwa.

Pesa

Sitataja bei kwa sababu hubadilika kila msimu. Gawanyeni bajeti hivi: mahema, viti na sauti kwanza, majoho ya pili, maji na chakula ya tatu, mapambo ya mwisho kabisa. Kamati nyingi huanzia kwenye mapambo. Maua ya plastiki jukwaani hayajawahi kumkinga mtu jua. Anayelipa fedha alete risiti siku hiyohiyo, na mtu anayeshika pesa asiwe ndiye anayechagua wauzaji.

Majoho

Wapwani hawajifunzi kuvaa joho leo. Bwana harusi hapa hulivaa juu ya kanzu, limedariziwa, liko wazi mbele, upepo unaingia. Joho la mahafali ni jambo jingine: mtindo wake umetoka kwa makasisi na wanazuoni wa vyuo vikuu vya Ulaya ya kale, kwenye kumbi za mawe zenye baridi, na letu la kukodi ni la nailoni nyeusi. Basi lishughulikieni kwa akili.

Pima urefu wa kila mhitimu akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku yenyewe. Joho liishie katikati ya muundi. Likifika chini atalikanyaga ngazini. Kila joho lipewe namba iliyoshonwa ndani ya kola, na namba hiyo iandikwe kwenye daftari pamoja na jina na amana aliyoweka. Ndani wavae pamba nyepesi. Kanzu inakubalika, na kwa kweli inapendeza ikitokeza kidogo chini. Kwa wasichana wenye hijabu, kofia ile ya mraba huteleza: nunua vibanio vyembamba pakiti kadhaa, uweke mtu mmoja pale mezani mwenye kazi hiyo tu. Kusi likivuma, hata asiye na hijabu atamtafuta.

Mpangilio wa mikono ya majoho uangaliwe pia, maana wazee wa vyuo vikuu huugundua: wa shahada ya kwanza huwa na mkono ulio wazi wenye ncha, wa uzamili mkono mrefu uliozibwa mwishoni na tundu la kutolea mkono, wa uzamivu mkono mpana kama kengele. Mwalimu akivaa la ngazi isiyo yake, manung'uniko yatadumu muhula mzima.

Kuvaa kuanze dakika 30 kabla ya maandamano. Kabla ya hapo, majoho yakae kwenye hanga, kivulini.

Majina

Hapa ndipo penye kazi hasa, na ndipo kamati nyingi hupapita mbio.

Msomaji atafutwe miezi miwili kabla. Msimpe mwenye cheo. Mpeni mwenye ulimi na subira. Mombasa humsomesha mtu majina ya dunia nzima: Dzombo, Mbodze, Tsuma na Mwachiti kutoka kwa Wamijikenda, Swaleh na Athman kutoka Mji wa Kale, Ng'ang'a, Ochieng' na Chepng'etich kutoka bara, na majina ya Kihindi ambayo tahajia yake haikuambii lolote kuhusu matamshi. Mtu wa bara atamsoma Dzombo kama "Zombo", na ukoo mzima utacheka au utanuna. Mtu wa Pwani naye atamwita Ng'ang'a "Nganga", likakaribia "mganga", kazi ya mtu mwingine kabisa.

Fanyeni hivi. Kila mhitimu arekodi jina lake mwenyewe kwa simu, majina matatu, polepole, mara mbili, akatume kwa namba ya ofisi. Rekodi zipangwe kwa namba ya kiti. Msomaji azisikilize kila jioni, ishirini ishirini, akiandika kwa mkono wake jinsi atakavyotamka. Muulizeni pia kila mmoja kama anataka "bin" au "binti" itamkwe, kwani vitambulisho vingi huiacha, ilhali nyumbani ndivyo anavyojulikana.

Siku ya mahafali kila mhitimu atakuwa na kadi moja ya karatasi ngumu: namba juu, jina kama lilivyo kwenye cheti, na chini yake matamshi kwa mwandiko wa msomaji mwenyewe. Akifika kando ya jukwaa anampa msomaji kadi, msomaji anasoma. Kwa njia hiyo hata mistari ikivurugika, mmoja akiwa ameenda chooni na mwingine amekosa kufika, anayeitwa ndiye aliyesimama pale. Orodha ndefu mkononi mwa msomaji ndiyo huzalisha ule msiba wa mtu kupewa mkono kwa jina la mwenzake.

Kwa kila jina tengeni sekunde 15. Majina 180 kwa sekunde 15 ni dakika 45. Msitangaze kwamba watu wasipige vigelegele mpaka mwisho. Hamtatiiwa, na sioni kwa nini mtiiwe. Mama amengoja miaka minne kupiga kigelegele hicho, na kimo ndani ya zile sekunde 15. Msomaji afundishwe kunyamaza mpaka kigelegele kipungue, ndipo aite anayefuata.

Kisha kuna leso. Mhitimu akishuka ngazi, mama hujifungua leso ya begani, huitandaza chini, mtoto apite juu yake. Shangazi anakuja na ile ya pili ya doti anamfunga nayo juu ya joho, mwingine anambandika kikuba cha asumini kifuani, mpiga picha kachuchumaa mbele yao, na tayari ngazi imezibwa na mstari mzima umesimama. Dawa yake ni nafasi, na kufukuza watu hakusaidii kitu. Mita nne mpaka tano kushoto mwa ngazi, mahali palipofagiwa, pawe pa leso. Weka wasichana wawili wakarimu wa kuwaambia kina mama, "Shikamoo mama, njoo huku, huku utampata vizuri." Watakwenda wenyewe, maana picha huko ni nzuri zaidi.

Kikuba nacho kiagizwe. Swarthmore, chuo kidogo cha Pennsylvania kinachofanyia mahafali yake kwenye ukumbi wa wazi katikati ya miti, wahitimu huvaa waridi lililochumwa kwenye bustani ya chuo. Sisi tuna asumini na mkadi. Zungumzeni na kina mama wa Mji wa Kale wanaosuka vikuba wiki mbili mapema, wavisuke usiku wa kuamkia siku hiyo, vifike vimefungwa kwenye majani ya mgomba, vyenye unyevu.

Ratiba

Wahitimu wafike saa moja u nusu. Wageni wawe wameketi saa tatu kasorobo. Saa tatu kamili maandamano yaanze, awepo asiwepo mgeni rasmi. Dakika zigawanywe hivi: maandamano 10, wimbo wa taifa, wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na dua 10, mkuu wa chuo 8, mgeni rasmi 12, msemaji wa wahitimu 5, majina 45, maneno ya kutunuku 5, zawadi 10, muziki wa wanafunzi 10, shukrani na kutoka 5. Jumla ni saa mbili. Mkichelewa nusu saa, na mtachelewa, bado mtakuwa mmemaliza saa tano u nusu, kabla jua halijakaa utosini na kabla ya adhuhuri.

Dua iombwe na sheikh na mchungaji, na kama mna wahitimu Wahindu, na kiongozi wao pia. Kila mmoja dakika mbili. Waambieni ana kwa ana, kwa heshima, na mapema.

Mtaulizwa kuhusu siwa. Vyuo vikuu hutanguliza rungu la mamlaka mbele ya maandamano. Pwani yetu ilikuwa na siwa, baragumu kubwa la heshima: siwa ya pembe ya ndovu ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu, zilizopulizwa kwenye shughuli za wakubwa na leo zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu. Kuchongesha rungu la mbao na kulipaka dhahabu kwa ajili ya chuo cha watu 180 kunachekesha. Tafuteni mpiga zumari mmoja hodari atangulie mstari, mtaona watu wanavyoinuka.

Waheshimiwa

Mwalikeni mbunge au mwakilishi wa wadi kama mnataka, mketisheni mbele, mpeni maji. Lakini mheshimiwa akishika kipaza sauti "kuwasalimia wananchi" kabla ya majina, majina yatasomwa adhuhuri. Akitaka kusema, nafasi yake ni baada ya zawadi, dakika tatu, na mshereheshaji asimame kando yake muda wote akitabasamu. Mgeni rasmi achaguliwe kwa kile alichofanya: mwandishi, mwanamuziki, mwalimu mstaafu wa historia. Mwambieni dakika 12 kwa maandishi, kwenye barua ya mwaliko.

Maji, chakula, swala

Maji lita moja kwa kila mtu: lita 960, yaani mitungi 48 ya lita 20. Wekeni vituo vinne, viwili nyuma ya mahema. Wahitimu wapewe maji kabla ya kuvaa, wengi huwa hawajanywa hata chai. Mtu wa msalaba mwekundu au muuguzi wa chuo akae karibu na mstari, na kiti kitupu kiwe kando yake.

Chakula kikiwa pilau, kachumbari na juisi ya ukwaju, hakuna atakayelalamika. Kuchinjwa kuwe kwa halali na kujulikane, msiache watu waulizane kwa kunong'ona. Mkikosa fedha ya pilau kwa watu 960, toeni kahawa chungu, kaimati na viazi karai, na mseme wazi kwenye kadi kwamba ni viburudisho. Aliyeahidiwa chakula akapewa soda hasahau.

Pahali pa kutawadha na kuswali patengwe, penye mikeka na pazia. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2017, basi zawadi zitiwe kwenye vikapu au vitambaa.

Siku moja kabla

Mazoezi yafanyike saa ileile na mahali palepale. Kila mhitimu apande, atoe kadi, asikie jina lake, apewe mkono, ashuke. Hapo ndipo utagundua ngazi inayotikisika na spika inayovuma. Wauza mashada na fremu za picha watafika langoni alfajiri mtake msitake. Wapangieni upande mmoja wa barabara jioni hiyo, mkiwa na mlinzi, na njia ya magari itabaki wazi. Wageni wa pwani ya kusini waelezwe wavuke feri kwa miguu, bila malipo, kisha tuktuk ziwangoje upande wa kisiwa. Wakija na magari watakwama foleni.

Baadaye

Meza ya kurudishia majoho iwe njiani kuelekea langoni, si ofisini ghorofani. Anayerudisha anakaguliwa namba, anapewa amana yake papo hapo na kutia sahihi. Ikifika alasiri, yale ambayo hayajarudi mpigieni simu mhusika siku hiyohiyo, kwani kesho joho litakuwa Malindi au Taveta likipigiwa picha na ukoo.

Vyeti vya waliokosa kufika vifungiwe kabatini, vitolewe kwa kitambulisho cha mwenyewe tu, hata akija kaka yake na machozi. Picha na rekodi za sauti zina sheria yake tangu 2019, hivyo za majina zifutwe kwenye simu ya msomaji wiki hiyo, na picha zisitundikwe mtandaoni bila idhini iliyowekwa kwenye fomu ya usajili. Hesabu ya fedha isomwe mbele ya kamati kabla ya siku 14 kwisha, risiti zikiwa mezani, wenye mahema wakiwa wameshalipwa.